Mizabibu ya Gnadenberg

Mvinyo mwingi mwekundu unaotajwa kwa heshima duniani umetoka kwenye ardhi ya watawa, makabaila au matajiri wa mjini. Hill of Grace ulitoka kwa wakimbizi wa dini. Shamba lake liko Eden Valley, Australia Kusini, karibu na kijiji cha Keyneton, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari. Lote lina hekta nane, na zabibu za Shiraz zimechukua nusu yake tu. Ng'ambo ya barabara limesimama kanisa la Kilutheri la Gnadenberg, lililojengwa mwaka 1860, ambalo ndilo lililoupa mvinyo huo jina: Kilima cha Neema. Mizabibu mikongwe kabisa, ambayo wenyewe wanaiita Mababu, ilipandwa karibu na mwaka huohuo na Nicolaus Stanitzki, mmoja wa walowezi wa Kilutheri wa eneo hilo. Eneo la Mababu halifiki hekta moja. Bado wanazaa.

Ni mvinyo mzito. Rangi yake ukiwa mchanga ni ya zambarau inayokaribia weusi, na waonjaji huutambua kwa harufu ya matunda meusi yaliyoiva barabara, ikifuatwa na pilipili manga na viungo vitamu vya jamii ya mdalasini na karafuu, halafu majani makavu ya mimea ya jikoni. Ukakasi wake ni mwingi ila hauparuzi ulimi, na chupa iliyohifadhiwa vizuri hustahimili miongo kadhaa. Hayo yote huweza kusemwa pia juu ya Shiraz nyingine nzuri za Australia. Kinachoutenga huu ni kwamba hautiwi hata tone la zabibu za mahali pengine, na kwamba mahali penyewe pana historia ambayo bila hiyo mizabibu ile ingekuwa imekwisha kung'olewa zamani.

Historia hiyo inaanzia Prusia, na inaanzia kwenye kikombe cha Meza ya Bwana. Mwaka 1817 Mfalme Friedrich Wilhelm III, ambaye mwenyewe alikuwa Mkalvini akitawala raia ambao wengi wao walikuwa Walutheri, aliamua kuyaunganisha madhehebu hayo mawili kuwa kanisa moja. Miaka ilivyosonga aliandaa kitabu kipya cha ibada, na kuanzia 1830 akabana: kila usharika ukitumie. Kwa mtu wa nje tofauti ilikuwa ndogo. Mchungaji aliyezoea kusema, anapompa mshiriki mkate na divai, kwamba huu ni mwili na hii ni damu, sasa aliagizwa aseme kwamba Kristo anasema huu ni mwili wangu, hii ni damu yangu. Mkalvini na Mlutheri wote wangeweza kuitikia, kila mmoja kwa maana yake. Lakini mkulima wa Silesia aliyekuwa amefundishwa Katekisimu ya Luther tangu utotoni alijua hasa kilichokuwa kinaondolewa. Alifundishwa kwamba Bwana yumo kikombeni kweli, si kwa mfano, na hakuwa tayari mfalme amfundishe vingine.

Wachungaji waliokataa walifukuzwa, wengine wakafungwa. Katika kijiji cha Hönigern, Silesia, waumini walilizuia kanisa lao lisikabidhiwe kwa wachungaji wa serikali, na Desemba 1834 askari wakalivunja na kuingia kwa nguvu, siku ya mkesha wa Krismasi. Baada ya hapo wapo walioanza kufikiria safari.

Mchungaji August Kavel, kiongozi wa usharika wa Klemzig, alikwenda London mwaka 1836 kutafuta msaada. Huko alikutana na George Fife Angas, mfanyabiashara Mbaptisti na mmoja wa waasisi wa Kampuni ya Australia Kusini. Koloni hilo jipya lilihitaji wakulima walio huru, kwa kuwa liliundwa bila wafungwa, na Angas alikuwa na ardhi ya kuuzwa. Aliwakopesha nauli. Hakufanya hivyo kwa huruma peke yake: walowezi hao walikuja kununua ardhi kwake na kulipa deni lake kwa miaka mingi. Hata hivyo bila fedha zake wasingetoka Prusia. Novemba 1838 meli ya Prince George ilitia nanga Australia Kusini ikiwa na Kavel na watu wake.

Mwezi mmoja tu kabla yao walikuwa wamefika wamisionari wawili wa Kilutheri, Christian Teichelmann na Clamor Schürmann, waliotumwa na Misioni ya Dresden. Ninawataja kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ardhi ile haikuwa tupu. Uwanda wa Adelaide ulikuwa wa Wakaurna, na vilima ambako mizabibu ingepandwa vilikuwa vya Waperamangk na Wangadjuri, watu ambao hakuna aliyewauliza kitu ramani zilipochorwa. Waliopokonywa uhuru wa ibada Ulaya walipata amani yao juu ya ardhi iliyopokonywa wengine, na mtu anayeisimulia historia ya shamba hili akiliruka hilo hajaisimulia yote. Teichelmann na Schürmann angalau walijifunza Kikaurna, wakafungua shule iliyofundisha kwa lugha hiyo, na mwaka 1840 wakachapisha sarufi na msamiati wake. Wakaurna wa leo wanaoihuisha lugha yao wanakitumia kitabu hicho.

Sababu ya pili inamhusu msomaji wa Afrika Mashariki. Misioni ile ya Dresden ilihamia Leipzig mwaka 1848, na ndiyo Misioni ya Leipzig iliyofika Machame mwaka 1893 na kuanza kazi Kilimanjaro. Mlutheri wa Moshi na Mlutheri wa Keyneton wamelelewa na watu wa nyumba moja.

Johann Christian Henschke, ambaye ukoo wake ndio ungekuja kulimiliki shamba hili, alivuka bahari mwaka 1841 kwa meli ya Skjold, pamoja na Mchungaji Gotthard Fritzsche na kundi lake. Mfalme alikuwa amekufa mwaka uliotangulia na mwanawe ameanza kulegeza kamba, lakini watu walikuwa wamekwisha uza mashamba, na imani yao kwa ikulu ilikuwa imekwisha. Safari ilikuwa ya msiba. Wengi walizikwa baharini, hasa watoto. Waliosalia waliungana na wenzao waliokuwa wakifungua vijiji katika vilima na mabonde ya kaskazini-mashariki ya Adelaide, na mwaka 1842 kikaanzishwa Bethany, kijiji cha kwanza cha Kijerumani katika bonde la Barossa. Henschke alikuwa mtu wa kazi za mikono, aliyejua uashi. Mwaka 1862 alinunua ardhi Keyneton, wakati huo pakiitwa North Rhine, akajenga, akachimba ghala la kuhifadhia mapipa, na mwaka 1868 akawa na mvinyo wake wa kwanza wa kuuza. Kiasi kilikuwa kidogo, cha familia, majirani na wateja wachache.

Shiraz ilikuwa imefika kabla yao. Ni zabibu ya bonde la Rhône, Ufaransa, ambako inaitwa Syrah. Kwa muda mrefu zilisimuliwa hadithi kwamba asili yake ni mji wa Shiraz wa Uajemi, mpaka uchunguzi wa vinasaba mwishoni mwa miaka ya 1990 ulipoonyesha wazazi wake ni Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu mbili za kusini-mashariki ya Ufaransa. James Busby, Mskoti aliyeishi New South Wales, alizunguka Hispania na Ufaransa mwaka 1831 akikusanya vipandikizi vya mizabibu, na mkusanyiko wake ukapandwa katika bustani ya mimea ya Sydney. Kutoka mikusanyiko ya aina hiyo vipandikizi vilisambaa koloni hadi koloni, mkulima akimgawia mwenzake vijiti vilivyofungwa kwa magunia mabichi. Hivyo ndivyo mizabibu ilivyokuwa ikisafiri, na hivyo ndivyo ilivyokuja kupata mkosi.

Mwaka uleule wa 1868, Henschke alipokuwa anauza mvinyo wake wa kwanza, mtaalamu wa mimea Jules Émile Planchon na wenzake walifukua mizabibu iliyokuwa inakauka kusini mwa Ufaransa wakakuta mizizi imejaa wadudu wadogo wa manjano. Walikuwa filoksera, kutoka Marekani, walioingia Ulaya pamoja na mimea iliyosafirishwa kwa meli. Katika miongo michache waliyaangamiza mashamba mengi ya Ufaransa na kusambaa nchi jirani. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuipandikiza mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Kimarekani inayomstahimili mdudu huyo, na mpaka leo sehemu kubwa ya mizabibu duniani inaishi kwa mizizi ya kuazima. Mwaka 1877 filoksera aligunduliwa Geelong, katika koloni jirani la Victoria. Australia Kusini iliogopa, ikaziba milango kwa sheria za kuzuia mizabibu kutoka nje, na mwaka 1899 ikapitisha sheria mahususi dhidi ya mdudu huyo. Hakuingia. Hajaingia hadi leo.

Kwa hiyo Mababu wa Gnadenberg wanasimama juu ya mizizi yao wenyewe, na vijiti vilivyowazaa vilikatwa kabla Ulaya haijaugua. Ukitaka kuona Shiraz ya zamani ya Rhône ilivyokuwa, unaanzia Australia Kusini kabla ya kwenda Rhône. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria: watu waliokimbia Ulaya na kitabu chao cha zamani cha ibada walikuja kuwa pia walinzi wa mizabibu ya zamani ya Ulaya, bila kukusudia.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaletea mateso ya namna nyingine. Wajukuu na vitukuu wa walioikimbia serikali ya Prusia sasa walitazamwa kama majasusi wa Prusia. Mwaka 1917 shule zao za Kilutheri zilifungwa, na sheria ikafuta majina ya mahali ya Kijerumani, 69 kwa jumla. Kijiji cha Hahndorf kikawa Ambleside, na Klemzig ya Australia ikaitwa Gaza. Yote mawili yalirudishwa mwaka 1935. Kanisa la Gnadenberg lilibaki mahali pake. Kabla ya vita, mwaka 1907, Paul Alfred Henschke, mjukuu wa yule mwashi, alikuwa amemwoa binti wa ukoo wa Stanitzki, na kwa njia ya ndoa hiyo shamba la mkabala na kanisa likaingia mikononi mwa akina Henschke.

Kwa nusu ya kwanza ya karne ya 20 shamba hilo halikuwa na sifa yoyote ya pekee. Biashara ya Australia ilikuwa mvinyo mtamu ulioongezwa pombe kali, uliopelekwa Uingereza kwa mapipa, na kwa kazi hiyo zabibu za shamba hili na za shamba lile zote zilikuwa zabibu tu. Aliyebadili mambo ni Cyril Henschke, mtoto wa Paul Alfred na wa binti Stanitzki, aliyezaliwa mwaka 1924. Alipochukua kazi ya kutengeneza mvinyo miaka ya 1950 aliamua kuelekea kwenye mvinyo mkavu wa mezani, wakati soko lake lilikuwa dogo mno. Halafu akaamua jambo gumu zaidi: kutochanganya.

Ugumu wa uamuzi huo unaonekana ukimweka Cyril karibu na Max Schubert. Schubert alizaliwa Moculta, kilomita chache tu kutoka Gnadenberg, kwa wazazi wa Kilutheri wa asili ya Kijerumani. Mwaka 1951, akiwa mtengenezaji mkuu wa Penfolds, alianza kujaribu Shiraz ya kukaa miaka mingi, akaiita Grange. Wakuu wa kampuni hawakuipenda. Mwaka 1957 walimwamuru aache, naye akaendelea kwa siri mpaka 1960 alipopewa tena ruhusa. Grange ikawa mvinyo mashuhuri kuliko wote wa Australia. Lakini njia ya Schubert ni ya kuchagua: anachukua zabibu bora popote zilipo, bonde hili na bonde lile, na mahali palipopungukiwa mwaka huu pafidiwe na pengine. Anayetegemea shamba moja hana pa kufidia. Mvua ikiharibu, imeharibu. Joto likikausha majani, amepata alichopata.

Cyril alianza na shamba la Mount Edelstone mwaka 1952. Mizabibu yake ilikuwa imepandwa 1912 na Ronald Angas, wa ukoo wa yuleyule Angas aliyewakopesha wakimbizi nauli, na hatimaye akina Henschke walilinunua shamba hilo mwaka 1974. Mwaka 1958 akakamua zabibu za mkabala na kanisa peke yake, akaziweka kando, na Hill of Grace ukazaliwa. Kanisa lilikuwa limesimama pale kwa karibu miaka mia moja kabla mtu hajaona kwamba ardhi iliyo mbele yake ilikuwa na kauli yake.

Tuitazame ardhi hiyo. Shamba liko kwenye bonde la kina kifupi, udongo wa juu ni tifutifu ulioletwa na maji, na chini yake kuna mfinyanzi unaoshika unyevu. Mvua kwa mwaka ni kama milimita 520, si mbali sana na ile ya Dodoma, lakini huko hunyesha zaidi majira ya baridi, wakati mzabibu umelala bila majani. Mkulima wa Dodoma, ambako hakuna baridi ya kuulaza, huuamsha mzabibu kwa kuupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Eden Valley huvuna mara moja tu, kwa Shiraz kwa kawaida kati ya mwisho wa Machi na Aprili, na nguvu zote za mwaka huishia katika mavuno hayo. Mchana wa kiangazi ni wa joto kali, usiku ni wa baridi kwa sababu ya mwinuko, na baridi hiyo huzuia zabibu zisipoteze uchachu wake haraka. Hapo ndipo unapotoka ule wepesi usiotarajiwa ndani ya mvinyo mzito. Mfinyanzi wa chini ndio akiba ya kiangazi, na mizizi ya miaka mia na zaidi imeshuka vya kutosha kuifikia.

Mzabibu mkongwe huzaa vishada vichache, na punje zake huwa ndogo. Punje ndogo ina ganda jingi kwa maji machache, na rangi, harufu na ukakasi wa mvinyo mwekundu vyote vimo kwenye ganda. Zabibu huchachukia katika matangi yaliyo wazi juu, maganda yakiwa ndani ya maji yake, halafu mvinyo hukaa miezi kama kumi na minane au zaidi katika mapipa ya mwaloni kabla ya kutiwa chupani. Hakuna siri kubwa hapo, na nadhani ndivyo inavyopaswa. Mtengenezaji anayeshughulika sana huanza kusikika kuliko shamba.

Cyril alifariki mwaka 1979, na mwanawe Stephen akachukua nafasi pamoja na mkewe Prue. Wote wawili walikuwa wamesoma Geisenheim, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1970. Walishika usukani katika muongo mbaya. Mvinyo mwekundu ulikuwa hauuziki vizuri, zabibu zilizidi soko, na kati ya 1986 na 1987 serikali ililipa wakulima wang'oe mizabibu. Katika Barossa mizabibu ya zamani ya Shiraz, mingine ya karne ya 19, iling'olewa na kuchomwa moto, kwa sababu kwenye hesabu za mwaka ule mti unaozaa kidogo ulikuwa hasara. Siwezi kuwalaumu wakulima waliokuwa na madeni. Ila kilichopotea hakikuweza kununuliwa tena, na wilaya ilichelewa kulikiri hilo: mwaka 2009 ndipo ulipotolewa mkataba wa kuitambua mizabibu mikongwe ya Barossa kwa madaraja ya umri, la juu kabisa likiwa la mizabibu ya miaka 125 na zaidi.

Katika mwaka uleule wa 1986 wengine waking'oa, Prue Henschke alianza kazi ya kinyume. Alipita kati ya mizabibu mikongwe akiichunguza mmoja mmoja msimu hadi msimu: upi unaiva sawasawa, upi hauna ugonjwa, upi unatoa kishada chenye ladha nzito. Iliyofaulu aliikatia vijiti akaviotesha kitaluni, ili warithi wa Mababu watoke kwa Mababu wenyewe, na siyo mti mmoja tu bali mingi, kwa kuwa shamba la zamani ni mkusanyiko wa miti yenye tabia tofauti kidogo. Alitandaza nyasi kavu chini ya mizabibu kulinda unyevu, akaruhusu majani ya asili ya Australia yaote kati ya mistari, akaacha dawa nyingi za viwandani. Mume alitengeneza mvinyo, mke alitunza ardhi, na kwa maoni yangu kazi ya mke ndiyo iliyolipa shamba karne nyingine.

Leo Hill of Grace uko katika daraja la juu la orodha ya Langton's, ambayo hupanga mvinyo wa Australia kwa rekodi yake mnadani, ubavuni mwa Grange. Kuna miaka ambayo haupo kabisa. Mwaka 1974 na mwaka 2000 zabibu hazikufikia kiwango, na wenye shamba wakakubali hasara kuliko kutia jina hilo kwenye chupa isiyolistahili.

Shamba limegawanyika katika vipande vya umri tofauti: Mababu wa miaka ya 1860, kipande cha 1910 karibu na palipokuwa posta ya kijiji, vingine vya miaka ya 1950 kando ya kanisa, nyumba na kinu cha upepo. Kila kimoja huvunwa na kuchachushwa peke yake, kisha hukutanishwa. Mwaka 1989 walipanda kipande kipya kwa vipandikizi vilivyotokana na mizabibu ileile mikongwe, kwenye udongo uleule, mbele ya kanisa lilelile. Mizabibu hiyo imekwisha pita umri wa miaka thelathini, umri ambao kwingineko ungeitwa utu uzima na pengine uzee. Akina Henschke wameiona bado ni michanga kuingia katika Hill of Grace, na mvinyo wake wanautia chupani kwa jina la Hill of Roses.